PIKAPU NA NYUMBA INAYOIFUATA: Je, Gari Lako Litaliweza Tela Kubwa?

Umepata kuona picha za zile nyumba za magurudumu ambazo watu wa Marekani huzifunga nyuma ya magari yao na kwenda nazo matembezini? Ndani mna vitanda, jiko, friji, choo na bafu, na meza ya kulia jamaa nzima. Baba hushika usukani, mama hukaa kando yake, watoto hukaa kiti cha nyuma, na nyumba yao huwafuata kama ndama amfuatavyo mama yake. Wakifika penye ziwa au msitu unaowapendeza huegesha, hukaa siku tatu nne, kisha hufunga safari tena.

Mambo haya si ya jana. Mmoja wa waliozieneza sana nyumba hizo ni Wally Byam, aliyeanzisha kiwanda cha Airstream mwaka 1931, ambacho matela yake ya alumini yenye kung'aa yangali yakiundwa hata leo. Bwana huyo hata Afrika alifika. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town, wakapita Kenya na Uhabeshi, ambako walipokewa na Mfalme Haile Selassie, nao wakafika Cairo mwaka 1960. Ukifikiri barabara za siku zile zilivyokuwa, vumbi kiangazi na matope masika, utajua kwamba waliofika walikuwa na magari yenye mgongo imara.

Siku hizi habari hizi zimetukaribia zaidi. Ndugu zetu wengi wamehamia Marekani na Kanada, na wakiisha kuizoea nchi hutamani nao kuwaonyesha watoto wao milima na mbuga za huko bila ya kulipa hoteli kila usiku. Basi mtu ana pikapu yake nzuri. Huenda kwa mwuza matela, hupendezwa na moja refu la futi 33, yaani kama mita 10, kisha huuliza, “Je, pikapu yangu italiweza hili?” Mwuzaji huitazama pikapu kitambo kidogo, hutabasamu, na kujibu, “Hilo? Italivuta bila hata kujua kama limo nyuma.”

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulichungua leo, kwa maana linaweza kuwa kweli na bado likaitia jamaa hatarini. Nawe hata kama u mtu wa Moshi au Kisumu usiye na haja ya tela, huenda mwanao aliye huko akakupigia simu kuomba shauri kabla ya kutia sahihi deni la miaka kumi. Tena madreva wa kwetu wanaofunga matela nyuma ya matrekta na Land Rover watatambua humu mengi ambayo mikono yao yayajua tayari.

KUVUTA NI MBALI, KUBEBA NI MBALI

Gari lina nguvu za namna mbili, nazo hazilingani. Kuna nguvu za kuvuta, na kuna nguvu za kubeba. Matangazo husifu nguvu za kuvuta, maana ndizo zenye namba kubwa ya kupendeza macho. Lakini tela kubwa halivutwi tu. Sehemu ya uzito wake hukaa juu ya mgongo wa gari linalolivuta.

Kama huamini, mtazame hamali wa mkokoteni sokoni. Akipanga magunia hayapangi yote nyuma ya magurudumu, maana mikono ya mkokoteni ingemwinua juu, miguu ikaning'inia, na watu wakapata kicheko cha bure. Wala hayarundiki yote mbele, yasimlemee viganjani. Huyapanga yakaelemea mbele kidogo, akahisi uzito wa kiasi mikononi, ndipo mkokoteni humtii. Tela nalo ni hivyo hivyo. Mkono wake wa mbele sharti uelemee juu ya kiungo cha gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela, na kwa tela refu wazoefu wengi hupenda asilimia 12 au 13.

Basi huo uzito wa mkono wa tela ni mzigo. Pikapu haiuvuti, yaubeba, sawasawa na kama ungepakia mifuko ya saruji nyuma. Nayo pikapu ina kikomo cha kubeba. Fungua mlango wa dreva wa pikapu yoyote mpya inayouzwa Marekani, tazama kwenye nguzo ya mlango. Utakuta kibandiko cheupe chenye rangi ya manjano, kinachoeleza habari za matairi na mzigo. Juu yake pameandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo kwa jumla usipite kilo kadha wa kadha. Namba hiyo ni ya gari lile lile ulilolishika mlango, si ya gari la kwenye tangazo. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zaweza kuwa na namba tofauti, kwa kuwa moja ina viti vya ngozi, paa la kioo na mtambo wa kuendesha magurudumu yote manne, na nyingine haina. Kila pambo lina uzito, na kila kilo ya pambo imekatwa katika kilo za kubeba.

Utaona ajabu: gari la bei kubwa zaidi aghalabu ndilo libebalo kidogo zaidi.

HESABU YA JAMAA YA WATU WATANO

Sasa tukae chini na kalamu. Tuseme tela la mita 10 likiwa tupu lina kilo 3,300. Uzito huo wa kiwandani mara nyingi hauhesabu betri wala maji, na mara nyingine hata mitungi ya gesi haimo. Jaza tanki la maji la lita 170, na hapo umeongeza kilo 170, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Weka mitungi miwili ya gesi, betri, vyombo vya jikoni, chakula cha wiki mbili, matandiko, nguo, viti vya kukunja, baiskeli za watoto na zile takataka zote ambazo hakuna ajuaye ziliingiaje. Kilo 600 hupatikana upesi sana. Tela sasa lina kilo 3,900. Asilimia 13 ya hizo ni kilo 507. Huo ndio uzito wa mkono.

Pikapu ya bwana huyu ni ya daraja dogo. Tangazo lake lilisema yaweza kuvuta kilo 5,000, na kweli 3,900 ni chache kuliko 5,000. Hapo ndipo mwuzaji alipokomea. Lakini kibandiko cha mlangoni chasema kilo 700. Haya, tuhesabu: baba kilo 95, mama 75, watoto watatu kwa jumla 110, hao ni kilo 280. Kiungo chenyewe cha chuma na fito zake, kilo 45. Nyuma kuna jenereta ndogo, sanduku la spana, kasha la barafu na kuni, kilo 90. Ongeza kilo 507 za mkono wa tela. Jumla ni kilo 922.

Kilo 922 juu ya gari lililoruhusiwa 700! Limezidiwa kilo 222, na injini bado haijalalamika hata kidogo. Hapo ndipo penye mtego. Injini yavuta vizuri, gia zabadilika vizuri, baba afurahi na kusema mwuzaji alikuwa mkweli. Kumbe wanaoteseka ni springi, ekseli ya nyuma na matairi, ambao hawana mdomo wa kusema.

Sasa geuza hesabu uone jamaa hii ingeweza tela la kiasi gani kwa pikapu hiyo. Katika kilo 700 toa 415 za watu, kiungo na mizigo, zabaki 285. Kilo 285 zikiwa ni asilimia 13, tela lote lisipite kilo 2,200 hivi. Ndiyo kusema gari lililotangazwa kwa kilo 5,000 likiisha kupakia baba, mama, watoto na kuni zao, linalifaa tela lisilofikia hata nusu ya namba ile.

Huenda ukauliza: basi watangazaji ni waongo? Hasha, si waongo. Ila wamepima mambo mengine. Hapo zamani kila kiwanda kilijipimia kwa namna yake, na kila mwaka kimoja kilimpita mwenzake kwa kilo chache, kama mnada. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, kiitwacho SAE, kilitoa kanuni moja ya upimaji, J2807, na kiwanda cha Toyota kikawa cha kwanza kuifuata, kwa pikapu yake ya Tundra ya mwaka 2011. Kipimo chake kimoja ni kupandisha mzigo katika kilima cha Davis Dam kule Arizona, kama kilomita 18 za kupanda mfululizo penye jua kali, kipoza hewa kikifanya kazi kwa nguvu zote, na gari lenye tairi moja moja nyuma lisishuke chini ya kilomita 64 kwa saa. Ni mtihani wa haki. Lakini katika mtihani huo ndani ya gari huhesabiwa watu wawili tu, kila mmoja kilo 68. Watoto watatu, jenereta na kuni hazimo.

NUSU TANI, ROBO TATU, NA TANI MOJA

Wamarekani huzitaja pikapu zao kwa madaraja matatu. Ya kwanza huitwa nusu tani, kama Ford F-150, Chevrolet Silverado 1500 na Ram 1500. Ya pili ni robo tatu ya tani, ndizo F-250 na zile za namba 2500. Ya tatu ni tani moja, F-350 na 3500. Majina hayo yalitokana na mzigo uliobebwa na magari ya zamani, na leo hayana maana ya kupimia, usiyategemee. Nusu tani ya leo yabeba zaidi ya nusu tani.

Ukichukua ile jamaa yetu na tela lao ukaipandisha katika pikapu ya robo tatu yenye injini ya petroli, ambayo kibandiko chake chasema, tuseme, kilo 1,250, basi kilo 922 zaingia na nafasi ya kilo 328 yabaki. Hiyo ndiyo ndoa njema. Springi ni ngumu, ekseli ni nene, breki ni pana, na matairi ni ya daraja la malori.

Lakini angalia bwana mwingine anayesema, “Mimi nataka iliyo bora kabisa,” akanunua robo tatu ile ile yenye injini ya dizeli na mapambo yote. Mtambo wa dizeli ni mzito kuliko wa petroli. Tena pikapu nyingi za daraja hilo zimewekewa kikomo cha ratili 10,000, yaani kilo 4,536, gari na mzigo wake, kwa sababu za usajili na sheria. Uzito wa injini ukipanda na kikomo kisipande, kinachopungua ni kilo za kubeba. Zipo ambazo kibandiko chao kwasema kilo 900 tu. Bwana huyo ametoa fedha nyingi zaidi, ana nguvu za kuvuta nusu ya kijiji, na bado amezidiwa kilo 22. Mwenye kutaka dizeli kwa tela kubwa afadhali aende moja kwa moja kwenye tani moja. Na kama tela lake ni la namna ile inayokaa juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya bodi ya pikapu, ajue kwamba hilo huelemea zaidi, kama asilimia 20 ya uzito wake, na hapo huenda akahitaji pikapu yenye tairi mbili mbili kila upande nyuma.

Kwa hiyo, kama bado hujanunua kimojawapo, chagua tela kwanza. Watu wengi hufanya kinyume: hununua pikapu kwa uzuri wake, kisha hutafuta tela la kuifuata, na mwaka wa pili hubadili pikapu kwa hasara. Jua jamaa yako ina watu wangapi, jua tela linalowatosha, soma kikomo cha uzito wa tela likijaa (kimeandikwa ubavuni mwake karibu na mkono wa mbele, penye herufi GVWR), piga hesabu kwa kikomo hicho wala si kwa uzito wa tupu, ndipo uende kufungua milango ya pikapu na kusoma vibandiko. Usione haya kufungua milango ishirini. Mwuzaji akikunja uso, mwache akunje.

Urefu wa gari nao ni jambo. Ipo kanuni ya zamani ya wavutaji, isiyo sheria lakini yenye busara: gari lenye inchi 110 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma latosha tela la futi 20, na kila futi moja ya tela inayozidi yataka inchi nne zaidi. Kwa tela la futi 33 utapata inchi 162, kama mita 4 na sentimita 11. F-150 yenye milango minne na bodi fupi ina inchi 145 tu. F-250 ya milango minne ina inchi 160, na ikiwa na bodi ndefu 176. Gari fupi mbele ya tela refu ni kama mtoto aliyekabidhiwa kamba ya fahali.

FITO ZA CHUMA

Mkono wa tela ukikaa juu ya kiungo, ambacho kiko nyuma kabisa ya pikapu, nyuma hudidimia na mbele huinuka. Ni ubao wa pembea ya watoto: mmoja akishuka, mwenziwe hupanda. Matairi ya mbele yakiwa mepesi, usukani hupoteza shibe yake, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa ya kusimamisha gari, hupoteza mshiko. Usiku taa zako zamulika matawi ya miti.

Dawa yake ni kiungo chenye fito mbili za chuma cha springi zinazokazwa kwa minyororo au vishikizo chini ya mkono wa tela. Zikikazwa sawasawa huinua nyuma ya pikapu, na sehemu ya uzito hurudi kwenye ekseli ya mbele, sehemu nyingine ikaenda kwenye magurudumu ya tela lenyewe. Pikapu nyingi za nusu tani huruhusiwa uzito wa mkono wa kilo 227 tu bila ya fito hizo. Yote yameandikwa kwenye kiungo chenyewe chini ya bampa, na wachache huinama kusoma.

Wengine, wakiona nyuma imedidimia, hununua mifuko ya hewa ya kusaidia springi, huijaza upepo, gari likanyooka, nao wakaridhika. Gari limenyooka kwa macho. Ekseli ni ile ile, matairi ni yale yale, kibandiko hakikubadilika hata kilo moja.

TELA LIKIANZA KUYUMBA

Hili ndilo linaloua watu. Tela ambalo mkono wake ni mwepesi mno, kwa kuwa mizigo mingi imepangwa nyuma ya magurudumu, hupenda kucheza mkia. Upepo wa ubavuni, au lori kubwa linalopita kasi, hulisukuma kidogo. Lenyewe hurudi likapita kiasi, hurudi tena likazidi, na kila mara linaitikisa pikapu kama mbwa atikisaye panya. Baadhi ya watu wakiona mkono wa tela umewazidi kilo, huhamisha mizigo nyuma ili upungue. Hesabu yao imepatana na kibandiko, lakini wamekwepa shimo wakaingia kisimani.

Likitokea, usikanyage breki za pikapu kwa nguvu wala usizungushe usukani kufuatana nalo. Shika usukani unyooke, ondoa mguu kwenye mafuta polepole, na kwa mkono ubonyeze kile kitufe cha breki za tela peke yake. Breki za tela zikishika, tela huvutwa nyuma na kunyooka. Kitufe hicho kiko kwenye kidhibiti kilichowekwa karibu na usukani. Jizoeze kukifikia bila kukitazama, gari likiwa limesimama, mpaka mkono ukijue kama uujuavyo mlango wa nyumbani gizani.

Majimbo mengi ya Marekani huamuru tela lenye zaidi ya kilo 1,360 liwe na breki zake. Tena kuna waya mwembamba wa dharura, ambao tela likichomoka hung'oa pini na kuzifunga breki zake lenyewe. Waya huo ufungwe kwenye chuma cha gari, usifungwe kwenye minyororo. Minyororo nayo ipishane chini ya mkono wa tela, upande wa kulia uende kushoto na wa kushoto uende kulia, ili mkono ukianguka udakwe usichimbe lami.

Mwendo nao. Matairi mengi ya matela yameundwa kwa mwendo usiopita kilomita 105 kwa saa, isipokuwa kama yameandikwa vingine, na jimbo la California haliruhusu gari linalovuta tela kupita kilomita 88. Tairi la tela huzeeka kwa jua hata likiwa na kashata nzuri; likipata miaka mitano au sita, libadilishe.

MLIMANI

Barabara kuu ya 70 katika Colorado hupita tundu la mlimani liitwalo Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, juu ya usawa wa bahari mita 3,401. Kwa msomaji wa Kilimanjaro, hapo ni juu kuliko kibanda cha Mandara. Hewa yake ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 inazopanda. Ikifika pale imepoteza kama theluthi moja. Yenye turbo huumia kidogo zaidi ya hapo chini, wala haichoki hivyo.

Lakini kupanda si hatari, ni uvivu tu. Washa taa za tahadhari, kaa upande wa malori, panda polepole. Hatari ni kushuka. Kutoka tunduni upande wa magharibi kuna mteremko wa kufikia asilimia 7, maili baada ya maili, na tani nane za chuma nyuma ya kisogo chako. Anayeshuka kwa breki peke yake huzipasha moto mpaka zinatoa moshi, kisha hazishiki tena. Ndiyo maana kando ya barabara hizo wamejenga njia za kuponea, zilizojazwa kokoto nyingi, ili lori lililokosa breki lizame humo. Weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Iache injini ikushike. Na breki zikanyagwe kwa nguvu kidogo kwa muda mfupi, kisha ziachwe zipoe. Hapa mwenye dizeli yenye breki ya moshi hucheka, na ana haki ya kucheka.

KWENYE MIZANI

Hesabu ya mezani ni nzuri, lakini mizani haina upendeleo. Katika vituo vya malori kote Marekani na Kanada kuna mizani za kampuni ya CAT Scale, iliyoanza mwaka 1977, na mtu yeyote aweza kupima kwa fedha kidogo. Zina sahani mbalimbali, hata ekseli ya mbele ya pikapu hupimwa peke yake, ya nyuma peke yake, na magurudumu ya tela peke yake.

Nenda siku ile ile ya safari, watoto wote wakiwa ndani, tanki la mafuta likiwa limejaa. Pima mara ya kwanza kila kitu kikiwa kimefungwa na fito zimekazwa. Pima mara ya pili fito zikiwa zimelegezwa. Kisha egesha tela kando, upime pikapu peke yake. Uzito wa pikapu ikiwa na tela bila fito, ukitoa uzito wa pikapu peke yake, ndio uzito wa mkono. Ekseli ya mbele ikiwa nyepesi mno mara ya kwanza kuliko mara ya tatu, kaza fito zaidi. Linganisha kila ekseli na namba yake iliyoandikwa kwenye kibandiko kingine mlangoni. Ikiwa umezidi kidogo, mwaga maji uyajaze huko uendako, uziache kuni. Ikiwa umezidi kilo 222, kuni hazitakuokoa. Gari dogo kuliko tela halikui kwa kutamani.

Mengine ni ya mazoezi. Nunua vioo virefu vya ubavuni, maana tela ni pana kuliko pikapu na vioo vya kawaida vitakuonyesha ukuta wake tu. Tafuta uwanja mtupu siku isiyo na watu, ujifunze kurudi nyuma: shika usukani chini kabisa, mkono ukienda kulia na mkia wa tela huenda kulia, ukienda kushoto huenda kushoto. Mama asimame pembeni nyuma, mahali anapoonekana kwenye kioo, na mkubaliane mapema ishara za mikono, ipi ni ya kusimama na ipi ni ya kuja. Zikubalini pale uwanjani, kabla hamjafika kambini jioni watoto wamechoka na majirani wote wamekaa vitini wakiwatazama.